Jaketi la diwani ya mashairi halikai sawa: nimekosea wapi?

SWALI: Nimekusanya mashairi ya marehemu babu yangu yakawa diwani ya kurasa 280, ukubwa wa A5. Mjalidi wa hapa Tanga amenijalidia nakala 60 kwa jalada gumu la kitambaa. Nikatengeneza jaketi, ile karatasi inayovishwa juu ya jalada, kwenye programu ya usanifu ya Canva: jalada mbili za milimita 148, mgongo 14, sehemu za kukunjia ndani 60 kila upande, urefu wa kwenda juu 210. Fundi wa mashine amenichapia moja ya majaribio kwenye karatasi ya SRA3, kubwa kidogo kuliko A3. Jina la kitabu limehamia ubavuni, kitambaa kinaonekana juu na chini, na ukifungua kitabu jaketi linachomoka. Nirekebishe nini?

JIBU: Pole kwa msiba wa mzee, na hongera kwa kumtoa kwenye madaftari.

Hesabu yako ni safi, ila umepima kurasa. Jaketi halivishwi kurasa, linavishwa jalada. Ni kama fundi cherehani apime joho mwilini, wakati mvaaji atalivaa juu ya kanzu. Kurasa 280 ni karatasi 140, na karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, ndipo ukapata 14. Lakini mjalidi ameweka kadibodi mbili. Zikiwa za milimita 2.5 kila moja, zimeongeza 5, na kitambaa na gundi karibu 1. Mgongo wako ni kama 20. Kadibodi nazo hutokeza karibu milimita 3 juu na 3 chini ya kurasa, kwa hiyo kimo ni 216 na si 210.

Usinukuu tarakimu zangu, pima chako. Kata utepe wa karatasi, uzungushe kitabu kikiwa kimefungwa, ukaze kidogo, kisha tia alama ya penseli kila kona inapopinda. Tandaza utepe mezani usome kwa rula. Fanya hivyo kwa vitabu vitano tofauti, maana kazi ya mkono hupishana milimita moja au mbili, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua usanifu wako.

Kwa kitabu cha aina yako, utepe utakupa takriban hivi: mgongo 20, jalada 153 mara mbili, na unene wa ukingo wa kadibodi 3 mara mbili, kwani karatasi lazima ipande ule ukingo kabla ya kuingia ndani. Hapo ni 332. Sasa ongeza masikio, ndivyo tunavyoziita karakanani hizo sehemu za kukunjia ndani. Sikio la milimita 60 halishiki kitu, ndiyo sababu jaketi lako linachomoka. Mimi sishuki chini ya 80, na kwa A5 napenda 90. Jumla 512, na ziada ya milimita 3 ya kukatwa kila upande inafanya faili la 518 kwa 222.

SRA3 ina urefu wa milimita 450. Haitoshi, na usimruhusu mtu akushawishi kupunguza masikio ili ienee. Uliza mwenye mashine ya dijitali inayokubali karatasi ndefu, ya 330 kwa 660 hivi, zipo. Uchapaji wa ofseti utakuhitaji utengenezewe pleti, yaani mabamba ya kuchapia, gharama ambayo nakala 60 haziibebi.

Usanifu wenyewe nitausemea jambo moja, maana ndilo linaloaibisha wengi. Usibadilishe rangi pale pale mgongo unapokutana na jalada. Mgongo mwekundu kati ya majalada meupe unapendeza kwenye skrini, lakini kitabu kikizidi milimita moja tu, mstari mwekundu unachungulia mbele. Acha rangi moja izunguke kitabu chote, na picha ya mbele iendelee mpaka ndani ya sikio milimita 10. Herufi za mgongoni ziache nafasi ya milimita 2 kila upande, na zisomeke kutoka juu kwenda chini, ili kitabu kikilala chali jina lisisimame kichwa chini. (Vitabu vya Kifaransa hupanda kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo usishangae ukikutana na vya Lubumbashi.)

Rangi za Canva ni za skrini; zambarau na buluu kali zitafifia zikichapwa, basi chagua ukiwa na nakala ya majaribio mkononi.

Karatasi, chukua ya gramu 150. Kabla ya kununua, ikunje kidogo bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande inapokubali kupinda kwa urahisi, nyuzi zake zinakwenda sambamba na mkunjo huo, na nyuzi hizo zinapaswa kusimama sambamba na mgongo wa kitabu. Zikilala, jaketi litajikunyata, hasa likiwa na laminesheni, ile plastiki nyembamba inayobandikwa juu ya karatasi. Unyevu wa pwani unaingia upande wa karatasi, upande wa plastiki haupenyi, na matokeo yake masikio yanajipinda kama jani kavu. Laminesheni usiiache kwa sababu hiyo, mikono ya wasomaji ina jasho. Ila ile isiyong'aa ikiwekwa juu ya rangi nyeusi huonyesha kila mkwaruzo wa kucha.

Mikunjo usimwachie mwenye mashine. Kata kimo cha 215, milimita moja pungufu ya jalada, kwa sababu karatasi inayozidi jalada ndiyo inayoanza kuchanika. Kalisha mgongo kwanza, kisha kunja masikio ukifuata kitabu chenyewe na siyo mistari ya faili, na sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Vipange chini ya uzito usiku mmoja.

Na chapa jaketi 75. Kumi za kwanza utaziharibu ukijifunza kukunja.