Si uvivu, dada, na usijilazimishe mazoezi

Dada wa Kondele, umeuliza umweleze vipi mama mkwe kuhusu ugonjwa huu wa uchovu sugu (ME/CFS), na kama ujilazimishe mazoezi ulivyoshauriwa. Mimi pia ninao, hapa Nakuru.

Usijilazimishe, tafadhali. Alama kuu ya ugonjwa huu ni kuzidiwa baada ya kujituma, na mara nyingi si papo hapo, ni kesho yake au keshokutwa. Ndiyo maana watu hawaelewi: wanakuona Jumamosi ukifua, hawakuoni Jumatatu ukishindwa hata kuchana nywele. Mwambie mama hilo hasa, na umwombe akuangalie siku mbili baada ya kazi. Uingereza iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua katika mwongozo wake wa 2021.

Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha, kwa hiyo hakikisha umepimwa upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari na kifua kikuu.

Nyumbani, menya viazi ukiwa umekaa, pumzika kabla hujachoka. Matangani nenda mchana, usikeshe. Na wakwe wakinung'unika, mumeo ndiye awajibu. Hiyo si kazi yako, nguvu zako ni chache mno.