Tangazo lililovaa sare ya muuguzi

Nilipowaomba wasomaji mniandikie kuhusu matangazo yanayowakera, nilitarajia malalamiko ya makelele. Makelele yamo, lakini wengi mmeuliza juu ya matangazo yasiyopiga kelele kabisa, na hayo ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa leo.

Nilikuwa naongea na dada yangu sebuleni kuhusu friji. Sikutafuta popote wala sikuandika popote. Jioni nafungua Instagram, friji! Simu inatusikiliza? – Fundi cherehani, Morogoro

Swali hili limeletwa na watu wengi kuliko yote. Sidhani kama maikrofoni inahusika. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima programu zaidi ya 17,000 za Android wakitafuta kitu hichohicho, na hawakukuta hata moja inayowasha maikrofoni kimyakimya na kutuma maongezi. Walichokuta ni kingine: baadhi ya programu zilirekodi kinachoonekana kwenye kioo cha simu na kukipeleka kwa kampuni nyingine, mwenye simu hana habari.

Sasa friji ilifikaje? Muulize dada yako. Yaelekea yeye alishaitafuta, na simu zenu zinatumia Wi-Fi moja, zinalala nyumba moja, na namba yako imo kwenye simu yake. Kwa muuza matangazo, nyinyi ni kaya moja inayotaka friji. Kila unapofungua mtandao, ile nafasi ya tangazo mbele ya macho yako inapigwa mnada: kompyuta zinaangalia upo wapi, unatumia simu gani, jana ulitazama nini, zinashindana bei, na mshindi anatokea kwenye kioo chako kabla hujapepesa jicho. Bidhaa inayouzwa kwenye mnada huo ni dakika zako. Katika dola bilioni 164 ilizoingiza Meta, wenye Instagram, mwaka 2024, zaidi ya bilioni 160 zilitokana na matangazo.

Na usisahau kwamba siku hiyo uliyapita matangazo ya viatu, mafuta ya nywele na viwanja vya Kibaha bila hata kuyaona, kwa sababu hukuwa umeyaongelea.

Kwenye Android, ingia mipangilio ya Google, sehemu ya matangazo, ufute kitambulisho chako cha matangazo, yaani namba wanayokutambulia wauza matangazo. Kwenye iPhone, programu ikiomba ruhusa ya kukufuatilia, ikatalie. Apple walipoanza kuwauliza watu swali hilo mwaka 2021, Meta walikadiria kwamba lingewakosesha takriban dola bilioni 10 kwa mwaka 2022 peke yake. Ndivyo kitufe cha "hapana" kilivyo ghali.

Salio langu linaliwa kila siku. Nikipiga huduma kwa wateja naambiwa nimejiunga na vidokezo vya mapenzi. Nina miaka 61, vidokezo vya nini? – Mstaafu, Dodoma

Shikamoo mzee wangu. Kuna ule ujumbe unaotokea katikati ya kioo wakati unataka kupiga simu, wenye vitufe viwili. Mtu mwenye haraka anabonyeza chochote ili uondoke, na kitufe kilicho karibu na kidole ndicho cha kujiunga. Hujakosea kusoma, mzee, umetegwa. Piga tena huduma kwa wateja, taka wakusomee huduma zote ulizounganishwa, waziondoe zote mkiwa bado hewani, na uwadai salio lako. Wakikuzungusha, peleka malalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ile namba 15040 ni ya kuripoti matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", hili lako siyo lake.

Wakubwa nao wanaucheza mchezo huu. Mamlaka ya biashara ya Marekani iliishtaki Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni, mwaka 2023 ikisema imefanya kujiunga na huduma yake ya Prime kuwa rahisi mno, na kujitoa kuwa safari ya kurasa nne na mibonyezo sita. Ndani ya kampuni njia hiyo ya kujitoa iliitwa Iliad, kwa jina la utenzi mrefu wa vita wa Wagiriki, kwa hiyo walijua walichokuwa wanakijenga. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi.

Gari la matangazo linapita mtaani kwetu Jumapili saa moja asubuhi, spika nne juu. Nifanye nini? – Mlinzi wa zamu ya usiku, Temeke

Kelele ni suala la kisheria, si la uvumilivu. Anza na mtendaji wa mtaa, akishindwa nenda NEMC, wasimamizi wa mazingira. Ila gari hilo angalau linasema wazi kwamba linauza godoro.

Nina mtoto wa miezi miwili. Kuna dada ninamfuatilia mtandaoni anasema maziwa ya kopo yamemfanya wa kwake alale usiku kucha. Wangu ananyonya na bado analia. Maziwa yangu hayatoshi? – Mama kichanga, Mbeya

Hongera kwa mtoto. Kabla ya yote, kilio peke yake hakipimi maziwa. Kama anakojoa vizuri, mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda, anashiba. Ukiwa na shaka nenda kliniki kesho, usingoje tarehe.

Sasa huyo dada. Miaka ya 1960 na 1970 kampuni za maziwa ya kopo ziliajiri wanawake, zikawavalisha sare kama za wauguzi, zikawapeleka wodi za wazazi Afrika na Asia wakiwa na sampuli za bure. Mama aliyetoka kujifungua, amechoka, anaona sare nyeupe: atabisha nini? Mtoto akipewa kopo hanyonyi, asiponyonya maziwa ya mama yanapungua, na sampuli inapoisha mama hana njia ila dukani. Wengi hela haikutosha, wakawa wanachanganya unga kidogo na maji mengi, na maji yenyewe hayakuwa salama. Watoto waliharisha, walidhoofu, na wengi walikufa.

Mwaka 1977 Wamarekani walianza kususia bidhaa za Nestlé kwa ajili hiyo. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni zinazokataza kuwatangazia wananchi maziwa haya na kuwagawia kina mama sampuli. Nchi 118 ziliunga mkono, Marekani peke yake ikapiga kura ya kupinga. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012, na Tanzania nayo ina kanuni zake.

Kwa hiyo sare ikavuliwa na nyingine ikashonwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba kampuni hizi sasa huwalipa watu wenye wafuasi mtandaoni, huanzisha vikundi vya ushauri kwa kina mama na hutoa programu za simu za kufuatilia ujauzito. Sijui kama huyo dada unayemfuatilia amelipwa. Muulize hadharani, chini ya video yake: "Dada, hili ni tangazo?" Akijibu, utajua. Akikufungia, utajua zaidi.

Wapo kina mama wanaohitaji maziwa ya kopo kwa sababu za kiafya, na hakuna aibu hapo. Ushauri huo utoke kwa anayempima mtoto.

Ni kweli kwamba wanaficha picha kwenye filamu ili tununue bila kujua? – Mwanafunzi, Tanga

Hadithi hiyo ilizushwa mwaka 1957 na James Vicary, mtaalamu wa masoko wa Marekani. Alidai aliingiza maneno ya kuhimiza popcorn na Coca-Cola katikati ya filamu, kwa kasi isiyoonekana, na mauzo yakapanda. Baadaye alikiri kwamba ilikuwa mbinu ya kuvuta wateja wa kampuni yake. Usihangaike na picha usizoziona, ulizoziona zinatosha.

Mdogo wangu ameacha kubeti. Tangu aache, bonasi za bure zinamiminika kwenye simu. Wanajuaje? – Dada mkubwa, Eldoret

Wanajua kwa sababu akaunti yake imenyamaza, na kompyuta imepangwa kumtumia chambo kila anayenyamaza. Hiyo bonasi kwa kawaida haitoki kama fedha: lazima aichezee mara kadhaa kwanza ndipo aruhusiwe kutoa, na akishaichezea mara kadhaa amesharudi. Aprili 2025 bodi ya kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na masharti yaliyofuata yakakataza kuwatumia watu mashuhuri. Ni hatua nzuri, lakini meseji inayomfuata mtu mmoja mpaka kitandani haionekani na bodi. Asiifute programu tu. Aandike barua pepe akitaka akaunti ifungwe kabisa na namba yake iondolewe kwenye orodha ya matangazo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki hiyo.

Klabu moja iliweka picha yangu nikicheza dansi kwenye ukurasa wao kutangaza Ijumaa yao. Mume wangu aliiona kabla yangu. – Msomaji, Nairobi

Ya mume yamalizeni ndani. Kuhusu klabu, una kesi. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitangaza kuitoza Casa Vera, klabu ya hapohapo Nairobi, faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Bango la mlangoni lisemalo "tunapiga picha" lisikutishe, na hukuwa na wajibu wa kuwakimbia wapiga picha. Walio Tanzania wana sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022 na tume yake. Kabla hujawaandikia wala kuwapigia simu, piga picha ya skrini yenye tarehe na jina la ukurasa, maana wakishajua umekasirika wataifuta.