Kwenye simulesheni ilikuwa imetulia

Wadogo zangu, juzi nimesikia tena gia zikisaga maabara, na mwenye mradi akanipa jibu lile lile: "Lakini bro, kwenye simulesheni ilikuwa imetulia." Haya, vuteni viti.

1. Ukijaribu kidhibiti (programu inayoamua amri za mota) kwa ode45, kitatuzi cha MATLAB kinachojichagulia hatua ya muda, hujakijaribu. Weka hatua ile ile ya bodi.

2. Usiguse geini (ukali wa amri za kidhibiti) kabla hujapima muda wa hesabu. Hapa nina kidonda. Mkono wa roboti wa viungo viwili, udhibiti wa slaidingi modi (amri inageuka ghafla kila mwendo unapovuka mpaka uitwao uso wa kuteleza), kichujio cha Kalman cha hali 6 (kinakadiria mwendo kutoka vipimo vyenye kelele), bodi yenye chipu ya STM32F407, mzunguko wa kiloherzi 1, yaani hesabu mara 1000 kwa sekunde. Mkono ukaanza kutetemeka. Kichwa kimejaa Lyapunov (uthibitisho wa kihisabati kwamba mfumo utatulia), nikajiambia misukosuko imezidi kikomo nilichokadiria. Nikaongeza geini. Ukatetemeka zaidi. Nikaongeza tena! Siku tatu nzima, msinicheke. Siku ya tatu gia ya plastiki iling'oka jino, likatua kwenye chai ya fundi wa maabara. Mzee akalitoa kwa kijiko, akaniuliza, "Hesabu zako zinachukua muda gani?" Sikujua. Akaniambia niinue volti ya pini moja ya bodi hesabu zinapoanza, niishushe zinapoisha, akachomeka osiloskopu. Milisekunde 1.4. Kipindi changu chote kilikuwa milisekunde 1.

Kumbe nilinakili programu ya kompyuta ya mezani na desimali zake za biti 64. Chipu ile ina maunzi ya desimali za biti 32 tu. Za 64 inazihesabu kwa programu, polepole. Kubadilisha kwenda biti 32 kulichukua nusu saa. Lyapunov hakuwa na kosa: uthibitisho ulidhani swichi ya papo hapo, mimi nikaipa amri iliyochelewa, na kwa amri iliyochelewa geini kubwa inakurusha mbali zaidi ng'ambo ya uso wa kuteleza.

(Na kwenye lugha ya C, 0.5 bila herufi f ni biti 64. Ndiyo, wewe.)

3. Tumia sat (amri inabadilika taratibu karibu na uso wa kuteleza) badala ya sign (inaruka ghafla kutoka chanya hadi hasi). Usahihi unapungua kidogo, gia zinabaki na meno.

4. Wastani haunihusu. Nionyeshe muda wa hesabu mrefu kuliko yote, hasa wenye NMPC (udhibiti unaotafuta amri bora kwa kurudia hesabu kila hatua), na iteresheni, yaani marudio hayo, ziwe na kikomo.

5. Nani ameweka printf (amri ya kuchapisha maandishi) ndani ya intarapti (kipande cha programu kinachokatiza vingine ili kifanye kazi kwa wakati)? Kwa baudi 9600 (biti 9600 kwa sekunde) kila herufi inakula takriban milisekunde 1. Toa.

Gia za akiba ziko droo ya chini. Zimebaki mbili.