Kwa wewe unayeanza kuongoza watu mlimani

Nairobi siku hizi ina makundi mengi ya wapanda milima. Mtu anafungua kundi la WhatsApp, anatangaza Longonot Jumamosi ijayo, watu wanatuma pesa kwa M-Pesa, na alfajiri matatu ya kukodi inang'oa nanga kutoka mjini. Baada ya miezi michache kundi lilelile linataka Elephant Hill kule Aberdare, kisha linataka Lenana, kilele cha Mlima Kenya. Na mwenye miguu myepesi kuliko wenzake ndiye anayeambiwa, "Sasa wewe utatuongoza." Kama umeambiwa hivyo, hongera. Ila kabla hujaitikia, naomba usome haya.

Miguu myepesi haitoshi, na mara nyingi ndiyo inayoharibu kazi. Mwenye nguvu hukaa mbele, na aliye mbele huona njia tu. Hamwoni dada aliyeacha kuongea tangu saa nne, wala kijana anayejikwaa kwenye mawe ambayo asubuhi aliyaruka. Kazi yako ni kuwaona hao wawili. Ramani, dawa, hali ya hewa na mengine yote nitakayoyataja yanatumikia jambo hilo moja: kumjua aliye dhaifu kuliko wote siku hiyo, na kuipanga safari kwa kumfuata yeye.

Kwa hiyo jifunze kwanza kufunga msafara. Tafuta kiongozi mwenye uzoefu, umwombe nafasi ya kutembea mwisho kabisa, Ngong, Kilimambogo, Longonot, msimu mzima ikiwezekana. Ukiwa nyuma utajifunza mambo ambayo hakuna kozi inayoyafundisha: jinsi mtu aliyechoka anavyobadilisha hatua, nani anajificha kwenye utani, nani ana malengelenge lakini anaona haya kusema. Vilevile soma huduma ya kwanza kwa watu wanaoifundisha vizuri, Msalaba Mwekundu au St John, na upeleke uso wako kwa Mountain Club of Kenya pale karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Hapo utakutana na watu waliozeekea milimani, na wengi wao hawana choyo na wanachokijua.

Sasa tuje kwenye kimo, maana hicho ndicho kinachoua kwenye Mlima Kenya.

Sisi wa Nairobi tunaishi kwenye mita 1,700 na ushei juu ya bahari, na wengi hudhani hilo limetuandaa. Halijatuandaa kulala mita 4,200. Ukifika karibu mita 5,000, mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa Mombasa, na kila pumzi inaleta karibu nusu ya oksijeni. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka siku. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima.

Chukua kalamu sasa, uipime ratiba inayouzwa mjini. Kwa njia ya Sirimon, lango liko kwenye mita 2,650 hivi. Usiku wa kwanza ni kambi ya Old Moses, mita 3,300. Usiku wa pili ni kambi ya Shipton, mita 4,200. Kisha mnaamka usiku wa manane kwenda Lenana, mita 4,985. Kutoka Old Moses hadi Shipton mmeruka mita 900. Njia ya Naro Moru ni kali zaidi: kambi ya Met Station iko mita 3,050 na kambi ya Mackinder 4,200, yaani mita 1,150 kwa siku moja, tena baada ya kupita kwenye tope la mteremko ule unaowakausha watu nguvu. Ratiba hizi zimepangwa kufuata kalenda ya ofisi. Mtu ameomba ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu lazima aonekane kazini. Mapafu yake hayajui habari ya Jumatatu.

Ongeza usiku mmoja. Laleni Old Moses mara mbili, na mchana wa katikati mpande juu taratibu kisha mrudi kulala chini. Au laleni kwenye hema pale Liki North, karibu mita 3,990, kabla ya Shipton. Watalalamika, kwa sababu usiku mmoja zaidi ni ada ya hifadhi, chakula, na ujira wa wapagazi. Waeleze hesabu hiyo kabla hawajalipa, si mkiwa langoni. Wakikataa, usiwapeleke Lenana. Wapeleke Aberdare kwa siku moja, wataona milima mizuri na watalala nyumbani.

Dalili za ugonjwa wa kimo zinaanza na kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usioeleweka au kizunguzungu. Mwenye hizo hapandi zaidi mpaka zimwishie, na zikizidi anashuka. Ukimuuliza mbele ya wenzake atakujibu "niko fiti", kwa sababu amelipa na hataki kuwaangusha. Muulize pembeni. Mimi huwa natazama sahani za chakula cha jioni. Mtu anaweza kuficha kichwa kinachouma, hata akakificha kwa panadol, lakini ni wachache wanaoweza kujilazimisha kumaliza wali mwili ukikataa.

Kuna hali mbili ambazo hazingoji asubuhi. Ya kwanza ni mtu anayehema akiwa ameketi tu, anakohoa, pengine anatoa makohozi yenye povu la waridi: maji yameingia kwenye mapafu. Ya pili ni anayepepesuka kama mlevi au anayejibu maswali ovyo: ubongo umevimba. Ukimshuku, mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, mshusheni saa hiyohiyo, hata ikiwa ni saa nane za usiku, hata ikinyesha, mpaka apate nafuu, na mara nyingi hiyo ni mita 300 hadi 1,000 chini. Asishuke peke yake hata hatua moja. Dawa iitwayo Diamox husaidia kuzuia ugonjwa huu, na mtu aizungumze na daktari wake akiwa bado Nairobi, hasa kama dawa za salfa humdhuru. Usiwe wewe wa kuigawa kambini. Tena mtu asidhani kwamba akiimeza ana ruhusa ya kuendelea kupanda akiwa mgonjwa.

Nimefaidika sana kwa kusoma jinsi wanavyofunzwa wale wanaoongoza makundi ya watelezaji wa theluji nje ya viwanja rasmi, kwenye milima ya Ulaya na Marekani wakati wa baridi. Adui yao ni poromoko la theluji. Hufundishwa kuchimba na kusoma matabaka ya theluji, kupima mteremko (mengi ya maporomoko ya hatari huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45), na kuvuka sehemu ya hatari mmoja mmoja wakati wengine wakitazama. Kila mtu hubeba kifaa kinachotuma mawimbi ya redio ili akifukiwa apatikane, pamoja na koleo na fimbo ndefu ya kupapasia chini. Lakini kilichonigusa ni sehemu ya mafunzo inayohusu kichwa cha kiongozi. Mmarekani Ian McCammon alichambua mamia ya ajali za maporomoko na kukuta kwamba mara nyingi dalili za hatari zilikuwa wazi, na waathiriwa wengi walikuwa watu waliofunzwa. Kilichowapeleka ni mitego ya fikra: mahali wanapopazoea, lengo walilokwisha kujifunga nalo, hamu ya kuwapendeza wenzao, imani kwamba mjuzi aliye mbele hakosei, kuona kundi jingine limepita, na hofu kwamba nafasi hii haitarudi.

Soma orodha hiyo ukiwa unafikiria Njabini, pale Elephant Hill inapoanzia, Jumamosi asubuhi. "Elephant Hill naijua." "Tumeshalipia gari." "Wale wengine wameendelea." Longonot haina theluji, lakini mitego ni ileile, na imeshaua hapa kwetu. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walikufa mafuriko yalipowakuta ndani ya korongo la hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Septemba 2019 watu saba wengine walisombwa humohumo, mwongozaji wa huko akiwa mmoja wao. Maji ya korongo huja kutoka mbali, na mvua iliyonyesha juu huweza kukufikia ukiwa umesimama penye mchanga mkavu. Ukiona wingu zito upande wa juu, usiingize watu korongoni, hata kama ndiyo sehemu waliyoiona kwenye picha na ndiyo iliyowaleta.

Ndiyo maana napenda saa ya kugeuka itangazwe siku moja kabla, iandikwe kwenye kundi, kila mtu aione. Lenana, kwa mfano, naweka saa mbili asubuhi: popote tulipo, tunageuka, kwa sababu ukungu hupanda asubuhi ikisogea na magoti ya kushukia yanahitaji mwanga. Aberdare naweka saa saba mchana. Ikitangazwa mapema, siku ya siku huna haja ya kubishana na mtu aliyebakiza dakika ishirini. Mlikubaliana mkiwa na akili zilizotulia na hewa ya kutosha.

Aberdare ninaiheshimu kuliko wengi wanavyoiheshimu. Ukungu hushuka kwa dakika chache, na katika mianzi njia za nyati na ndovu ni nyingi na nzuri kuliko ya kwako. Nenda na askari wa hifadhi. Beba ramani ya karatasi na dira, ujue kuzitumia, maana baridi humaliza betri ya simu haraka. Radi ikianza, hesabu sekunde kati ya mwanga wa radi na ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Zikipungua chini ya 30, ondoka kwenye kilele na ukingo wa mlima, uwashushe watu.

Mavazi si jambo la fedha nyingi. Kwenye masoko ya Gikomba na Toi kuna makoti ya baridi na viatu vya mlimani vya mitumba vizuri kabisa. Kinachotakiwa ni wewe kukagua mabegi mkiwa bado mjini, na kumkatalia kwa upole aliyevaa jinzi na hana koti la mvua.

Kwenye Mlima Kenya hutakuwa kiongozi peke yako, na ni vizuri. Hifadhi hairuhusu mtu apande bila mwongozaji, na waongozaji na wapagazi wa Naro Moru, Nanyuki na Chogoria wanaujua mlima kuliko utakavyoujua wewe. Wao wanaujua mlima, wewe unawajua watu wako. Mfuate mwongozaji mzee pembeni, si mbele ya kundi, umuulize, "Mzee, mawingu haya unayaonaje?" Mtu mzima hatakupinga hadharani wala hatakuambia hapana mbele ya wageni waliolipa. Akikujibu "tutaona", basi ujue ameshakujibu. Kabla ya kulala, angalia wapagazi wamekula nini, wana blanketi gani, na mzigo wa kila mmoja una uzito gani. Mpagazi mwenye viatu vilivyopasuka kwenye mita 4,200 ni mtu wa kundi lako, na akiugua anashushwa kama mwingine yeyote. Malipo yao yawe kamili na yatoke siku mliyoahidi.

Jambo la mwisho hulisikii likitajwa sana, nalo ni barabara. Watu wameamka saa nane usiku, wamepanda Lenana, wameshuka hadi langoni, na sasa wanataka wafike Nairobi usiku huohuo, karibu kilomita 200, dereva naye amekesha kambini akiwasubiri. Panga walale Nanyuki. Kama haiwezekani, lipia dereva wa pili aliyelala kitandani, mwekee kiti cha mbele mtu wa kuzungumza naye, msimame Karatina mnywe chai, na usiondoke kwenye simu yako mpaka wa mwisho aandike kwamba ameshafika kwake.