Homa ya Kyela Hukukuta Ukisharudi Tukuyu

Nimezaliwa Tukuyu, nimeolewa Kyela, na kwa miaka 11 sasa napanda na kushuka na magunia ya mchele. Kwa Coaster safari haimalizi hata saa mbili, lakini njiani utavua sweta, utafungua dirisha, na ukishuka stendi utatafuta kivuli. Tukuyu iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, Kyela ipo pembeni mwa Ziwa Nyasa kwenye mita 500 hivi. Mteremko huo ndio unaobadilisha magonjwa. Tafadhali ufikirie kabla hujampeleka mtoto kwa bibi yake likizo.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka minne. Mwezi wa sita tulikwenda Ipinda, huko Kyela, kuvuna mpunga, tukakaa wiki mbili, tukarudi salama. Siku ya tisa akaamka hataki uji. Jioni mwili unachemka. Nikamfunika blanketi, nikamnunulia dawa ya kikohozi, maana kwetu mvua na baridi haviishi na mafua yako kila nyumba. Dukani hakuna aliyeniuliza tumetoka wapi, na mimi sikusema. Usiku wa pili akashikwa na degedege mapajani mwangu, macho yamegeuka, ananiangalia bila kuniona. Hospitali wakamtoboa kidole, wakadondosha damu kwenye kipimo, na baada ya muda mfupi mistari miwili ikajitokeza. Malaria.

Alipona, namshukuru Mungu. Ila siku mbili zile nilizopoteza bado zinaniuma, kwa sababu zilitokana na kutojua. Malaria haianzi siku uliyoumwa na mbu. Hukaa mwilini siku saba hadi wiki mbili, wakati mwingine zaidi, ndipo homa inapanda. Wewe umesharudi kwenye baridi, safari umeisahau, unadhani ni mafua. Huku juu baridi humchelewesha mdudu wa malaria kukomaa ndani ya mbu, ndiyo maana watoto wetu hawaizoei. Watoto wa wifi yangu waliokulia Ipinda wameshaugua mara kadhaa, miili yao ina kinga kiasi. Wa kwangu hakuwa nayo hata chembe. Na kinga hiyo huisha: mzaliwa wa Kyela aliyehamia Mbeya mjini miaka mingi akirudi kwao ajihesabu mgeni.

Kwa hiyo chandarua tunasafiri nacho, hata kama mama mkwe anacho. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, tunapima siku hiyohiyo. Dawa mseto anamaliza siku zote tatu hata akianza kukimbia siku ya pili. Mjamzito asisubiri kabisa. Na masika mito inapofurika Kyela, vyoo na visima huingiliana, basi maji ya kunywa tunachemsha, bila kujali yanavyoonekana masafi.

Lakini nisieleweke kwamba hatari iko Kyela peke yake. Mama mkwe anapikia jiko la nje lililo wazi pande mbili, moshi unaondoka na upepo wa ziwani. Sisi huku tunafunga mlango na dirisha, kuni mbichi zinafuka, na mtoto mchanga yuko mgongoni mwa mama anayepuliza moto. Halafu tunashangaa kikohozi na nimonia. Mbaya zaidi ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Hewa yake ya sumu haina harufu, wala haikuamshi. Mama mkwe alipotutembelea mwezi wa saba alitetemeka hadi akaomba tumletee jiko kitandani. Nilimwambia, "Mama, naomba unisamehe, hilo siwezi." Nikampa mablanketi matatu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye khanga, akalala.

Siku hizi, tukishuka tu kwenye gari Tukuyu, nachukua daftari la kliniki la mtoto na kuandika tarehe kwenye ukurasa wa nyuma. Nikiingia kwa daktari, kabla sijataja homa wala kikohozi, nasema kwanza: tumetoka Kyela tarehe fulani.