Muulize Fundi: Sabufa ya kwenye spea tairi imenyofolewa, nifunge ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wako wa Tanga, nimenunua Mazda CX-5 ya 2014 kwa mtu hapahapa, siyo kwamba niliagiza Japani mwenyewe. Spika za mlangoni zimeandikwa Bose na kusema kweli ndicho kilichonivuta maana mimi na mziki ni damu damu, ila nikiwasha nasikia sauti za juu tu, besi hamna kabisa. Wiki iliyopita nimepata pancha, nafunua sakafu ya buti nakuta spea tairi na pembeni yake kuna waya una plagi imezungushiwa solotepu nyeusi, haijachomekwa popote. Fundi wa mtaani kaniambia hapo palikuwa na sabufa imetolewa, nimpelekee yoyote ya inchi 12 ataiunga kwenye huohuo waya. Nimkubalie?

JIBU: Marahaba dada, pole na pancha. Fundi wako kwenye kutambua yuko sahihi, kwenye tiba ndo sikubaliani naye.

CX-5 za toleo la kwanza, zile za kuanzia 2012, zikija na Bose zinakuwa na spika 9 na mojawapo ndo hiyo sabufa: boksi la plastiki la duara linalokaa ndani ya bakuli la rimu ya spea tairi, linabanwa katikati pamoja na tairi lenyewe. Ni akili nzuri sana maana buti inabaki na nafasi yote, lakini ubaya wake ni kwamba huwezi kutoa tairi bila kutoa sabufa kwanza, kwa hiyo kila pancha boksi linawekwa pembeni ya barabara, na mtu akiwa na haraka au ni usiku anaondoka analiacha hapohapo, au linabaki kwenye gereji ya matairi na mwenye gari wala hajui kwamba kuna kitu kimepungua. Wengine wanaing'oa makusudi wanaiuza kivyake. Wewe ukanunua gari ambalo spika nyingine zote zimepangwa zikijua kuna mwenzao nyuma anayebeba besi, ndo maana unasikia mziki mwembamba.

Sasa kabla hujatoa hata shilingi, pima ile plagi. Pakua kwenye simu mlio wa hezi 50, yaani mlio mzito wa besi, ipo mingi tu kwenye intaneti, uucheze kwenye redio ya gari kwa sauti ya wastani, halafu mwambie fundi aweke mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye kila pini ya plagi. Namba ikipanda na kushuka kadiri unavyoongeza na kupunguza sauti, amplifaya yako nzima na waya uko salama, kilichopungua ni spika peke yake. Ikibaki sifuri basi tafuteni kwanza fyuzi, amplifaya, au waya uliokatika, maana utanunua sabufa na bado itakaa kimya. Kama hana mita aunge spika yoyote nzima ya zamani kwa sauti ya chini. Mimi huwa nailaza chali naweka punje chache za mchele juu ya koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayotikisika: zikianza kucheza, tumeshapona. Ila sisitiza hili kwa fundi, waya wowote wa ile plagi usiguse bodi ya gari, hata ule anaouona ni hasi, kwa sababu amplifaya za aina hii zinatoa umeme kwenye waya zote mbili na ukiugusisha bodi unaweza kuiua amplifaya palepale.

Kwa nini nakataa hiyo inchi 12? Spika nyingi za madukani ni omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), na Bose kwenye magari mara nyingi wanatumia omu ndogo zaidi. Omu zikiwa mara mbili, nguvu inayofika kwenye spika inashuka nusu, kwa hiyo likoni likubwa lile litasukumwa na amplifaya ambayo haikutengenezwa kulibeba, utapata mngurumo wa kivivu. Pia sabufa bila boksi lake haina maana, sauti inayotoka mbele ya koni na ile inayotoka nyuma zinakutana na kuuana, besi inapotea, na hapo kwenye shimo la tairi hakuna boksi. Na ile amplifaya imepangiwa sauti ya sabufa yake yenyewe ndani ya gari hilohilo, ukiweka nyingine utabaki unahangaika na besi na trebo kila wimbo.

Kwa hiyo tafuta ileile, used kutoka Japani. Ukienda Dar, zunguka Gerezani Kariakoo kwa wauza spea za mtumba, au muulize anayekata magari ya Mazda. Piga picha ya plagi yako uende nayo, hakikisha ni ya toleo lako, na lazima uipate na bolti yake ya kubania maana bila hiyo itagongagonga kwenye kila tuta mpaka ipasuke. Ikague koni: isukume taratibu kwa vidole vyote kwa usawa, ikikwaruza ndani, huenda koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda, iache. Na omba risiti dada, nyingine zinazozunguka zimeibwa kwenye magari ya watu.

Ukiikosa kabisa, chukua sabufa ndogo ya chini ya kiti yenye amplifaya yake ndani na inayopokea waya za spika, ile plagi ya nyuma iwe inaipa mlio tu, umeme itoe kwenye betri. Hiyo haijali mambo ya omu za Bose.

SWALI: Sasa fundi, niko Nakuru, nimefungiwa hiyo hiyo ya under seat unayosemanga, lakini nikikanyaga mafuta inalia kama mbu, nikiachilia inashuka. Shida ni gani?

JIBU: Huyo mbu ni altaneta, ile mashine inayochaji betri, ndo maana anapanda na kushuka na injini. Anza na waya wa hasi wa hiyo sabufa: ufupishe, ufunge kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi mpaka king'ae, wengi wanafunga juu ya rangi. Halafu angalia kama waya wa umeme na waya za mlio zimepitishwa pamoja, zitenganishe, moja upande wa kulia nyingine kushoto. Na ukiwa umeshafungua boneti hakikisha ule waya mnene una fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Kama haina, chomoa huo waya kwenye betri leo hii mpaka uipate, maana ukichubuka njiani ukagusa bodi gari linawaka moto.