Kimbunga hakifiki Kigoma, mbona mabati yanaruka?

Maswali ya nyumba na ujenzi. Safari hii tumechagua ya wasomaji wa Kigoma na Tabora tu, kwa kuwa Novemba iko mlangoni na karibu wote wameuliza jambo moja kwa maneno tofauti.

SWALI: Mwaka 2024 redio zilitangaza kimbunga Hidaya kila saa. Kikija kingine, kinaweza kufika huku kwetu? Tujiandae vipi? – Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Kimbunga chenyewe, hapana. Kimbunga cha baharini kinaishi kwa joto la maji. Kinataka bahari yenye nyuzi joto zaidi ya 26, na kikishapanda nchi kavu kinakuwa kama jiko lililonyimwa mkaa. Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024, kikaishiwa nguvu. Pwani imewahi kuumizwa kweli, Zanzibar mwaka 1872 na Lindi mwaka 1952, lakini kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma treni ya Reli ya Kati inakata zaidi ya kilomita 1,200. Hakuna kimbunga kinachomaliza safari hiyo kikiwa hai.

Kinachong'oa mabati kwenu ni upepo wa wingu la radi. Wingu likipevuka, hewa baridi inaporomoka kutoka juu pamoja na mvua, ikigonga ardhi inatawanyika pande zote. Ndiyo maana vumbi na ubaridi wa ghafla vinatangulia tone la kwanza. Na hapa ndipo tofauti ilipo: mtu wa pwani hutangaziwa kimbunga siku mbili tatu kabla, wewe unapewa dakika kumi. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inaweza kutoa angalizo au tahadhari kwa mkoa mzima, ila haiwezi kukuambia kwamba wingu lile litamwagikia mtaa wako saa tisa alasiri. Kwa hiyo kazi yote tunayoieleza hapa chini ni ya Oktoba. Upepo ukishaanza, hakuna anayepanda paani.

SWALI: Wanangu, msimu uliopita upepo ulichukua mabati sita ya upande wa baraza. Mjukuu wangu ameyarudisha na kupanga mawe juu. Je, yanatosha? – Bibi wa Ujiji

JIBU: Shikamoo bibi. Hayatoshi, na tunaomba mawe hayo yashushwe.

Upepo haulisukumi bati tu, unalinyonya kwenda juu. Upepo wa kilomita 90 kwa saa unavuta kwa nguvu ya kilo 38 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Bati la futi 10 lina eneo la karibu mita za mraba 2.4, yaani linavutwa kwa kilo 90, na lenyewe halifiki kilo 10. Jiwe la kilo tano hapo linafanya nini? Litaruka na bati, au litateremka na kumkuta mtu mlangoni. Tena kasi ya upepo ikizidi mara mbili, mvuto unazidi mara nne.

Baraza linaondoka kwanza kwa sababu linapigwa pande mbili: juu linanyonywa, chini liko wazi na upepo unaingia na kulisukuma. Kama papi za baraza, yaani mbao zinazopigiliwa mabati, zimeunganishwa moja kwa moja na za nyumba kubwa, baraza likinyanyuka linaburuta na paa la chumbani. Dawa ya kweli ni kulitenganisha. Kenchi za baraza (fremu za mbao zinazobeba papi) ziishie kwenye mtambaa panya wao (ubao unaolala juu ya ukuta), chini kidogo ya paa kubwa, ili likienda liende peke yake.

Sasa misumari. Mjukuu apande asubuhi, kabla bati halijapata moto, akanyage juu ya papi tu, na aangalie kila msumari. Ukiona duara la kutu limeuzunguka, tundu limeshapanuka na bati litachomoka likipita juu ya kichwa cha msumari. Msumari uliolegea usigongwe tena katika tundu lile lile, mbao pale haishiki tena. Asogee mgongo wa bati unaofuata, juu ya papi ile ile, apige mpya wenye raba, kisha azibe tundu la zamani. Apige kwenye mgongo wa bati, si bondeni ambako maji yanapita. Raba ikilala sawasawa aache nyundo, akizidisha bati linabonyea na maji yanatuama hapo. Kingoni mwa paa, yaani chini kwenye michirizi, kwenye kofia kileleni na pembeni, msumari uwe kila mgongo wa pili. Katikati unaweza kuruka miwili.

Urefu nao una maana kuliko watu wanavyodhani. Papi ya mbili kwa mbili ina unene wa sentimita tano, ongeza kimo cha mgongo wa bati, karibu sentimita mbili. Msumari wa inchi 2½ unaishia ndani ya mbao. Wa inchi 3 unachungulia upande wa pili, na ncha hiyo ikikunjwa, upepo hauwezi kuuchomoa bila kupasua papi.

Lakini mara nyingi tunaona mabati yameanguka shambani kwa jirani yakiwa bado yameshikana na papi zake! Hapo misumari ya bati ilifanya kazi, kilichoachia ni kiungo cha chini yake. Paa ni mnyororo: bati, papi, kenchi, mtambaa panya, ukuta. Papi ikae juu ya kenchi kwa misumari miwili iliyopigwa mshazari na kukingana, na juu yake izungushiwe waya wa kufungia nondo, nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Kenchi nayo ifungwe na mtambaa panya namna hiyo hiyo. Kisha ukuta, na hapo ndipo mafundi wengi wanapodanganyana. Waya ukilazwa chini ya kozi (mstari wa tofali) ya juu kabisa, paa litaondoka na kozi hiyo ya tofali. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, toboa ukuta kozi ya tano kutoka juu, pitisha waya mnene wa milimita nne, upande wa nje uzungushe kwenye kipande cha nondo cha urefu wa futi moja, uurudishe ndani hadi kwenye kenchi, usokote mpaka ukaze, halafu uzibe kwa saruji. Fanya hivyo kila kenchi. Kama fedha ni kidogo, anza na kenchi mbili za kila mwisho wa nyumba, kwa sababu pembeni ndiko mnyonyo ulipo mkali.

Na bibi, kabla ya yote achome papi kwa ncha ya kisu. Kikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshakula, na hakuna msumari utakaosaidia.

SWALI: Upepo ukianza baba anatuagiza tufungue madirisha yote ili upite. Jirani anasema tufunge. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Urambo

JIBU: Jirani, kwa heshima zote za mzee. Upepo ukiingia kwa dirisha la mbele unageuza nyumba kuwa puto: ndani unasukuma paa juu huku nje linanyonywa. Dirisha la nyuma haliutoi kwa kasi ile ile ulivyoingia. Funga milango na madirisha, ukianza na upande unakotoka upepo. Dirisha lisilo na kioo lipigiwe ubao. Ule uwazi unaoachwa kati ya ukuta na bati kwa ajili ya hewa uzibe kwa tofali zenye matundu, usiachwe wazi wote.

Wazee wa Unyanyembe, huku Tabora, hawakuwa na shida hii. Tembe zao ziliezekwa udongo juu ya miti, paa karibu bapa, zito kiasi kwamba upepo haukuwa na la kufanya. Adui wa tembe alikuwa mvua. Bati limetatua mvua, likatuletea upepo.

SWALI: Mwembe wetu umelalia paa. Tuukate? – Msomaji, Tabora mjini

JIBU: Tabora bila miembe ni nini? Usiukate mti, punguza matawi yaliyo juu ya paa, na upunguze na upande wa pili kidogo usije ukaegemea. Tawi nene lianze kukatwa kwa chini, theluthi moja ya unene wake, ndipo umalizie kwa juu, la sivyo litachanika na gome la shina. Lifungwe kamba kwanza. Mti wenye shimo shinani au udongo uliopasuka na kunyanyuka upande mmoja wa mizizi ndio wa kuondoa. Ukiwa karibu na nyaya za umeme, waite TANESCO kwanza.

SWALI: Shikamooni. Ni kweli kioo na nguo nyekundu vinavuta radi? – Mwanafunzi, Kasulu

JIBU: Marahaba. Si kweli, funika kioo ukipenda, radi haina habari nacho. Inatafuta kilicho kirefu na kilicho peke yake: mti uwanjani, mtu aliyesimama shambani, mvuvi ndani ya mtumbwi. Hesabu sekunde kuanzia mwanga hadi ngurumo, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, uwe ndani ya nyumba tayari, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chomoa runinga na chaja kabla radi haijakaribia. Simu isiyo kwenye chaja haina hatari.

SWALI: Mdogo wangu anasoma Florida, Marekani. Kanipigia kwamba kimbunga kinawafikia baada ya siku tatu, naye anakaa ghorofa ya chini karibu na bahari. Nimwambie nini? – Dada, Nzega

JIBU: Kwanza aulize nyumba yake iko ukanda gani wa kuhama. Kule kanda zimepewa herufi, na A ndiyo inayoondolewa mwanzo. Ikitolewa amri aondoke siku hiyo hiyo, gari likiwa limejazwa mafuta, dawa na vyeti vikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Asidanganywe na namba ya daraja la kimbunga. Daraja la kwanza linaanza upepo wa kilomita 119 kwa saa na la tano kilomita 252, lakini daraja linasema upepo tu. Vimbunga vya Marekani vimeua watu wengi zaidi kwa maji, na bahari inaweza kufura mita kadhaa hata kwa kimbunga cha daraja dogo.

Kama yuko nje ya ukanda wa kuhama, aweke maji lita nne kwa kila siku, ya kutosha siku tatu au zaidi, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi, betri ya akiba ya simu na fedha taslimu, maana mashine za kadi zinazimika na umeme. Friji isipofunguliwa inatunza ubaridi kwa muda wa saa nne, friza iliyojaa inafika saa 48. Gundi ya karatasi kwenye vioo ni kazi bure, inayozuia ni plaiwudi ya milimita 16 iliyofungwa kwa skrubu. Jenereta iwashwe nje, mita sita au zaidi kutoka dirishani, kwa sababu moshi wake una gesi inayoua bila harufu, sawa na jiko la mkaa tunaloingiza ndani huku kwetu mvua ikinyesha.

Upepo ukiwa mkali akae chumba cha katikati kisicho na dirisha. Ukitulia ghafla na jua likachomoza, asitoke kwenda kulitazama gari lake. Hilo ni jicho la kimbunga linapita, na nusu ya pili inakuja kutoka upande wa pili, kwa nguvu ile ile.